Ushauri: Mama ana kisukari na amekatwa sehemu ya ini, je, neva (mishipa ya fahamu) zitaota tena?

Kitindamimba: Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari kwa miaka 14. Miezi mitano iliyopita aliondolewa uvimbe pamoja na sehemu ya ini. Kidonda kimefunga vizuri, ila ngozi iliyo chini ya kovu imekufa ganzi, na usiku nyayo zinamuwaka moto. Daktari alituambia kwa haraka kwamba kwa mwenye kisukari neva huchelewa kuota, nasi tukaondoka bila kuuliza zaidi. Je, ganzi hii ni dalili kwamba neva za ini hazijaota? Mjomba naye anasisitiza tumpe mizizi ya kusafisha ini.

Nesi Mstaafu: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Ganzi ya chini ya kovu hutokana na neva za ukuta wa tumbo zilizokatwa ili daktari alifikie ini, na humpata hata asiye na kisukari. Nyayo kuwaka moto ni tabia ya kisukari cha miaka mingi. Neva za ini lenyewe hazihusiki na ngozi hata kidogo. Kuhusu mizizi, mjomba anampenda dada yake, lakini ini lililokatwa juzi halipaswi kubebeshwa kitu ambacho hakuna anayejua kipimo chake.

Msomaji wa Maabara: Daktari hakukosea. Sukari ikikaa juu muda mrefu, vimishipa vya damu vinavyolisha neva huharibika, seli za Schwann zinazoiongoza neva inapoota hudhoofika, na protini za kuchochea ukuaji wake hupungua. Nyama ya ini hurudi upesi, ilhali neva, ambazo hata kwa mtu mwenye afya huota kwa takriban milimita moja tu kwa siku, hubaki nyuma. Hata hivyo usiogope: ini la kupandikizwa hukatwa neva zake zote, na tangu Thomas Starzl alipofanikiwa kulipandikiza mwaka 1967 huko Denver, Marekani, watu wengi wameishi nalo kwa miaka. Ini hupokea amri nyingi kupitia homoni za kwenye damu. Jambo ambalo mimi ningelichunguza ni akiba ya sukari, kwa kuwa ini ndilo ghala lake, na kwa anayetumia insulini ghala likipungua sukari inaweza kushuka usiku.

Kitindamimba: Nimefungua daftari lake sasa hivi. Wiki hii alfajiri alipima sukari 3.6 mmol/L na siku nyingine 3.4, wala hakutetemeka wala kutoka jasho. Dozi ya insulini ni ileile ya kabla ya upasuaji.

Nesi Mstaafu: Hilo lisisubiri kliniki ya mwezi ujao. Chini ya 3.9 ni sukari ya kushuka, na kutotetemeka kwake si nafuu, kwa sababu huenda kisukari kimeharibu pia neva zinazotoa onyo. Piga simu wodini usiku huu, kabla hajachoma sindano nyingine, waseme dozi iweje, usiibadilishe mwenyewe. Mpime kabla hajalala na tena usiku wa manane, na ukikuta imeshuka, mpe maji ya sukari mara moja.

Kitindamimba: Wamepokea. Wametupa maelekezo ya dozi ya usiku huu, na kesho saa moja asubuhi tunakwenda na daftari. Mizizi nimemrudishia mjomba.