Mpwa wangu kabeba mashine za wizi na boti yangu, mimi naingia vipi?

langoni_72:
Asalam aleikum wenzangu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya koti maana hapa nyumbani kila mtu ana yake. Nina boti ya faiba, nahodha ni mpwa wangu mtoto wa dadangu, anabeba watu na mizigo huku Lamu, Mokowe, Shela, saa zingine Faza, jioni ananitumia hesabu kwa M-Pesa. Juzi usiku watu wawili wakamkodi kutoka Faza, maji yamejaa wakapitia mkondo wa Mkanda, chini ya turubai kuna mashine tatu za boti, kumbe za wizi. Kufika Mokowe polisi wako jeti wanawangoja. Wale wawili wakashikwa, kijana akaruka majini akapotelea mikokoni huko. Sasa boti iko kwa polisi, mimi naitwa nikaandike stetimenti, na kuna askari kamwambia dadangu asipomtoa mwanawe atalala ndani yeye. Halafu kijana mwenyewe kanipigia kwa namba ngeni anataka nimtumie nauli aende Garissa. Mimi usiku huo nilikuwa nimelala kwangu wallahi. Mwenye chombo anafungwa kwa kosa la nahodha?

mokowe_kwetu:
Pole ami, lakini boti ni yako na jina kwenye leseni ni lako. Jiandae tu.

karani_mstaafu:
Hapana mokowe_kwetu, usimtie mwenzio presha. Nimeandika mafaili ya koti hadi nikapewa mkono wa kwaheri, mtu hafungwi kwa kumiliki. Kuna kudaiwa na kuna kushtakiwa. Nahodha wako akigonga jahazi la watu kazini, hapo mwenye boti waweza kuburutwa ulipe fidia hata kama hukuwepo, hiyo ni kesi ya madai. Jinai ni mambo mengine, prosekyuta lazima aonyeshe wewe mwenyewe ulifanya nini na ulijua nini.

Kifungu cha 20 cha Penal Code yetu ya Kenya, yaani sheria ya jinai, Sura ya 63, kinahesabu mkosaji ni yule aliyetenda, na aliyefanya jambo ili kumwezesha mwenzake atende, na aliyesaidia, na aliyeshauri au kutuma. Hao wote wanaweza kushtakiwa kama waliotenda wenyewe. Sasa wewe ukimpa mtu boti kwa kazi ya abiria kama kila siku hujamsaidia kuiba. Ukimpa ukijua inaenda kuchukua mali ya watu, hata ukiwa kitandani umo. Na kama mashine ziliibiwa mapema wakaja kuzibeba tu, hapo kuna kifungu cha 322, kupokea au kushughulikia mali ya wizi, hadi miaka 14, ila lazima ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini ni ya wizi. Hayo maneno "sababu ya kuamini" ndio yanamaliza watu, maana huwezi kufumba macho kwa makusudi halafu useme hukuona.

pwani_moja:
Maalim, na ile ya watu wakienda pamoja mmoja akiua wanahukumiwa wote? Nilisoma ya Derek Bentley kule Uingereza, alinyongwa 1953 kwa risasi aliyopiga mwenzake Christopher Craig ikaua polisi, na inasemekana yeye wakati huo alishakamatwa. Craig alikuwa na miaka 16 tu akaponea, hukumu ya Bentley ikaja kufutwa 1998, mtu yuko kaburini!

karani_mstaafu:
Hio kwetu ni kifungu cha 21, nia ya pamoja. Mkikubaliana jambo haramu na katika kulifanya likatokea kosa ambalo lilikuwa la kutarajiwa, kila mmoja anahesabiwa kalitenda. Na makubaliano si lazima yaandikwe, koti inaangalia ulikuwepo, ulifanya nini, ulijitenga au ulibaki. Waingereza 2016 kwenye kesi ya Jogee walikaza, kutarajia peke yake hakutoshi, lazima nia iwepo. Lakini langoni hayuko hapo, hakukubaliana na mtu.

bint_mkomani:
Mimi naudhika na hilo la dada. Mama hashikwi badala ya mtoto, hakuna sheria hiyo, ni kutishana tu. Akishikwa aulize kosa lake ni lipi, kwa Katiba Kifungu cha 49 lazima aambiwe mara moja, aruhusiwe wakili, na afikishwe kotini ndani ya saa 24, au siku ya koti inayofuata zikiishia wikendi.

Na wewe ami USITUME HIYO NAULI. Kifungu cha 396 cha Penal Code, ukimsaidia mtu unayejua ana hatia akwepe adhabu unakuwa msaidizi baada ya kosa. Mume na mke wamesamehewa hapo, mjomba hayumo. Sasa hivi huna kosa, usijitafutie moja kwa elfu mbili.

mokowe_kwetu:
Sawa nimesikia. Lakini niulize, hesabu ya siku hiyo ilikuwa ngapi?

langoni_72:
Elfu tisa. Kawaida ni elfu tatu. Ilikuja mapema magharibi, nikamuandikia "Mashallah leo kuna harusi wapi?" akajibu "wageni tu mjomba".

karani_mstaafu:
Swali zuri hilo, polisi watauliza hilohilo. Hizo meseji usifute hata moja, na lile daftari la hesabu kama unalo lichukue. Mtu anayejua haulizi harusi iko wapi. Ila nenda na wakili, na kuna haki ya kunyamaza, usianze kueleza eleza pale kaunta. Kijana naye ashauriwe ajilete na wakili wake, kukimbia kunampaka matope zaidi, pengine naye alidanganywa.

langoni_72:
Shukran sana. Nauli nimekataa, kanikatia simu. Jumatatu twaenda na wakili. Sasa boti yenyewe, itakaa huko mpaka kesi iishe?

karani_mstaafu:
Ni kielelezo, lakini wakili anaweza kuomba koti, boti ipigwe picha uachiwe kwa ahadi ya kuileta ikihitajika, koti ikikubali. Kwa sasa omba OCS, mkuu wa kituo cha polisi, mashine yako iinuliwe isikae kwenye maji ya chumvi, na uandikiwe kila kilichomo, tangi la mafuta, nanga, maboya, upewe nakala.

bint_mkomani:
Na mafuta yaliyobaki pia yaandikwe 😂