Nina milioni moja na nusu, nataka mashine ya gemu na kurekodi video, ninunue vipuri gani?

mtangaza_gemu
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla hela haijatoka. Nataka kuunga kompyuta ya kuchezea gemu na kurekodi papo hapo, video zangu naweka YouTube nikitangaza mechi kwa Kiswahili. Nacheza FC ya mpira, GTA V online na Valorant kidogo. Bajeti ni milioni moja na nusu, monita ya 1080p ninayo, kibodi na mausi ninavyo, kwahiyo hiyo hela ni ya boksi tu. Sasa duka moja Kariakoo wameniandalia i7-3770, RAM 16, hadidiski ya tera moja na kadi ya GT 1030, jamaa anasema "i7 ni i7 tu kaka, hii hata uhangaike nayo vipi haichoki". Duka lingine wananishawishi kadi ya RX 6500 XT mpya kabisa kwenye boksi lake. Mimi ninachojali kuliko vyote ni video isikwamekwame, maana sasa hivi narekodi kwa laptop na ikifika kwenye goli picha inaganda sauti inaendelea, watu wanalalamika kwenye komenti.

fundi_ilala
Mkuu hiyo i7-3770 achana nayo. Ilitoka 2012, ina kori nne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) na inatumia RAM za kizamani za DDR3, leo i3-12100F yenye kori nne hizo hizo inaiacha mbali. Wauzaji wanajua mteja akisikia i7 anatulia, wewe angalia namba inayofuata, hiyo 3 ya mwanzo ndio kizazi chake. Halafu Windows 11 haiitambui rasmi, Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na hiyo Valorant ukiwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi unaokaa kwenye bodi mama), kwa bodi ya enzi zile hiyo TPM 2.0 sahau.

Ila kubwa kuliko prosesa ni hizo kadi mbili, na hapa naomba usome taratibu kwasababu watu wa kurekodi wengi ndio wanapopigwa. Kadi ya grafiksi ndani yake kuna kisehemu ambacho kazi yake ni kubana video tu, kinaitwa enkoda. Kikiwepo, gemu inachorwa na sehemu nyingine na video inabanwa na hicho, hawagombani sana. Kisipokuwepo kazi yote ya kubana inaangukia prosesa, ambayo saa hiyo hiyo inahangaika na gemu, ndio unaona picha inaganda wakati wa goli kama unavyosema. Sasa GT 1030 haina enkoda. Na RX 6500 XT pamoja na upya wake, AMD waliitoa 2022 bila enkoda ya H.264 wala ya HEVC, aina za kubana video zinazotumika sana. Yani kati ya kadi zote zilizojaa mjini umepewa mbili ambazo kwa kazi yako hazifai hata kama ungeuziwa nusu bei.

Hela hiyo mimi ningeipanga hivi: Ryzen 5 5600 (kori 6, nyuzi 12), bodi ya B550, au B450 ila uhakikishe BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) imeshasasishwa la sivyo na Ryzen 5000 inaweza isiwake kabisa, RAM mbili za GB 8 na sio moja ya 16 maana zikiwa mbili prosesa inapata njia mbili za kusomea, NVMe (diski ya kasi) ya GB 500, kadi GTX 1660 Super au RX 6600. Kadi nunua iliyotumika ndio hela itoshe. Kesi usiipe hela nyingi, bora iwe na matundu ya hewa mbele. Pawa saplai ndio usiibanie, chukua 550W ya kampuni inayojulikana yenye alama ya 80 Plus Bronze, yani haipotezi umeme ovyo. Zile zinazokuja na kesi zimeandikwa 600W ubavuni, ibebe mkononi uone wepesi wake, hakuna kitu mle ndani. Ikilipuka inaondoka na bodi na kadi.

montaji_mvita
Salaam kutoka Mombasa. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na matangazo na jioni narekodi gemu na mdogo wangu. Fundi amesema kweli tupu, wacha niongeze upande wa kurekodi kwenyewe.

Tumia OBS, ni programu ya kurekodi ya bure. Ukifika kwa enkoda chagua NVENC kama kadi ni Nvidia au ile ya AMD kama ni Radeon, usiwache x264 maana hiyo ni prosesa inafanya kazi. Weka 1080p fremu 60 kwa megabiti 20 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu hiyo ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, yaani karibu GB 9 kwa saa, na hadidiski ya kawaida inaandika hiyo bila shida, kwahivyo usidanganywe kununua NVMe kubwa kwa ajili ya kurekodi. NVMe ndogo weka Windows, gemu na ile video unayohariri leo, zilizokwisha zihamishie hadidiski.

Na rekodi kwa faili la aina ya MKV tafadhali, usirekodi kwa MP4 ya kawaida. Stima ikipotea katikati ya mechi ile MP4 mara nyingi haifunguki tena, saa nzima imekwenda, lakini MKV utaikuta na kila kitu mpaka karibu na pale ilipokatika. Ukimaliza ingia File kisha Remux Recordings inageuka MP4 muda mfupi tu maana haibani upya. Jambo jingine, sauti ya maiki iweke traki yake na sauti ya gemu traki yake. Kelele za uwanjani zikikufunika unazishusha wakati wa kuhariri bila kugusa sauti yako, na kwa mtu anayetangaza kama wewe sauti ndiyo kazi yenyewe.

Kwa kupandisha, YouTube wenyewe wanashauri megabiti 12 kwa 1080p ya fremu 60, dakika kumi ni kama MB 900. Hiyo iweke kwa hesabu ya bando.

ziwa_geming
Mi napingana kidogo hapo. Kwa milioni na nusu mbona kuna njia rahisi, chukua mashine za ofisini zilizotumika, EliteDesk 800 G4 au OptiPlex 7060 yenye i5-8500, kori 6 na Windows 11 inaikubali, unapachika RTX 3050 ya 6GB ambayo inakula 70W tu na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Enkoda ipo. Chenji inabaki unanunua maiki nzuri na UPS (betri ya kushika umeme ukikatika). Huku Mwanza watu kibao tunatumia hizo na zinapiga kazi.

fundi_ilala
@ziwa_geming sikatai mkuu, kwa mwenye laki nane au tisa hata mimi namwambia hivyo hivyo. Ila ajue mambo mawili. Pawa saplai za mashine zile mara nyingi hazifiki 300W na soketi zake ni za kampuni yenyewe, kwahiyo kesho akitaka kadi kubwa hana pa kwenda. Na apime kesi kabla, zile nyembamba zinataka kadi fupi. Ryzen yake ya soketi ya AM4 atakuja kubadili prosesa tu bodi ile ile ikabaki.

mtangaza_gemu
Nimewaelewa sana wakuu, kumbe tatizo la goli lilikuwa hilo. GT 1030 na 6500 XT nimeshazitoa akilini. Swali mbili: kati ya 1660 Super na RX 6600 nichukue ipi? Na kadi iliyotumika nitajuaje sio feki au haijachoshwa na kuchimba sarafu za mtandaoni?

fundi_ilala
RX 6600 kama hela inafika. Ina GB 8 dhidi ya 6 na kwenye gemu ina nguvu zaidi. Enkoda ya Nvidia ni safi zaidi ukirusha live kwa megabiti chache, ila kwa kurekodi kwa megabiti 20 jicho halitaona tofauti. Ukipanga kurusha live kila siku hapo nenda 1660 Super.

Dukani usikubali kuonyeshwa kadi kwenye boksi, iwashwe. Nenda na flashi yenye GPU-Z (programu ya kukagua kadi), kadi nyingi feki za Nvidia inaziandika feki pale pale juu. Kisha fungua gemu yoyote nzito uiache dakika ishirini huku OBS inarekodi, sikiliza feni kama zinakwaruza, na kwenye Task Manager upande wa GPU uone mchoro wa Video Encode (kwa Radeon unaweza kuandikwa Video Codec) unapanda. Usipopanda ujue anayerekodi ni prosesa. Kuhusu kuchimba mimi sihofii sana, kadi inayokaa dakika ishirini bila kuzima wala kutoa michirizi naichukua, nikifika nyumbani nabadili pesti ya kupoza chipu.

montaji_mvita
Kama uko Dar joto na vumbi ni kama la huku kwetu, kesi ipulize kila baada ya miezi michache. Na UPS ya 650VA inatosha, sio ya kuendelea kucheza, ni ya kukupa dakika mbili tatu usimamishe rekodi na uzime vizuri.

mtangaza_gemu
Basi naenda na Ryzen 5 5600 na RX 6600 iliyotumika, NVMe 500, hadidiski nachomoa ile ya kwenye kompyuta yangu ya zamani. Jumamosi nashuka Kariakoo na flashi.

fundi_ilala
Sawa mkuu. Ukishaunga kebo ya HDMI chomeka kwenye kadi, sio kwenye bodi maana 5600 haina grafiksi yake hutaona picha. Na ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), bila hivyo RAM ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2400 na hutajua.