Ukuta wa uwanja: Cheruiyot yupi?

*Kikundi: Majirani Nyumba Kumi*

Baba Kiprop: Habari za jioni majirani. Ukuta wa uwanja umeshapakwa nyeupe na umekauka. Kesho fundi anaanza kuandika. Maneno ya kwanza ni haya: ROBERT CHERUIYOT, BINGWA WA BOSTON MARATHON MARA 5: 2003, 2006, 2007, 2008, 2010. Mwenye neno aseme leo.

Mama Salim: Mashallah, mara tano! Watoto watakuwa wanayasoma kila asubuhi wakienda shule.

Mwalimu wa Riadha: Baba Kiprop tafadhali, fundi asiandike hivyo. Hao ni watu wawili.

Baba Kiprop: Wawili vipi Mwalimu? Jina ni moja na mbio ni zile zile.

Mwalimu wa Riadha: Robert Kipkoech Cheruiyot, mzaliwa wa Kapsabet, ndiye wa 2003, 2006, 2007 na 2008. Mara nne. Wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot wa Bomet, mdogo kwake kwa karibu miaka kumi. Na huyo Kiprono ndiye aliyemvunjia mwenzake rekodi ya Boston! Kipkoech aliiweka 2:07:14 mwaka 2006, Kiprono akaja na 2:05:52. Ukiandika mtu mmoja, kijana wa Bomet umemfuta kabisa.

Chebet: Kwani si ndugu?

Mwalimu wa Riadha: Hapana, hawana undugu.

Gogo: Wajukuu wangu, Cheruiyot ni mtoto aliyezaliwa usiku watu wamelala. Kila kijiji kina wake. Halafu watoto wake wakienda shule wanaandikishwa kwa jina la baba, basi hilo ndilo linabaki la mwisho. Msidhani wote wametoka boma moja.

Mama Salim: Ahsante Gogo. Kwetu Mombasa ukisikia Mazrui, unajua huo ni ukoo mmoja tangu enzi za kutawala Ngome ya Yesu. Nilikuwa nadhani na huku ni hivyo.

Baba Kiprop: Sawa Mwalimu, nimekuelewa. Lakini nafasi ni ndogo. Tukimweka huyo wa mara nne peke yake?

Mwalimu wa Riadha: Kiprono alishinda Boston kwa miguu yake mwenyewe, rekodi juu. Akose ukuta kwa sababu ana jina kama la mwingine? Hapana, wote wawili waingie.

Kiprop: Mwalimu, Kipkoech si ndiye aliyeanguka kwenye utepe?

Mwalimu wa Riadha: Ndiye. Chicago, Oktoba 2006. Alikuwa anamaliza mbele ya Daniel Njenga, Mkenya mwenzake, kwa sekunde chache tu. Hatua ya mwisho akakanyaga nembo iliyobandikwa chini kwenye mstari, ilikuwa imelowa. Miguu ikaenda mbele, yeye akaanguka kinyumenyume na kugonga kisogo. Akatelezea ng'ambo ya mstari akiwa chini vile vile. Wakampa ushindi, 2:07:35, lakini alitoka pale akipelekwa hospitali.

Mama Salim: Yarabi!

Mwalimu wa Riadha: Na Aprili iliyofuata alikuwa Boston tena. Siku hiyo ilikuwa mvua na upepo wa kuwapiga usoni, hakuna aliyekuwa na habari ya rekodi. Alishinda kwa 2:14:13. Mimi ushindi huo ndio ninaowaambia vijana wangu, kuliko hata ule wa rekodi.

Chebet: Mbona mnaongea wanaume tu? Vivian Cheruiyot yuko wapi kwenye huo ukuta?

Gogo: Sema mwanangu!

Baba Kiprop: Yuko kwenye orodha, chini kidogo.

Chebet: Chini kwa nini? Ana dhahabu ya Olimpiki. Rio 2016, mita 5,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa wanawake kwenye mbio hizo. Almaz Ayana wa Ethiopia alikuwa ameshashinda mita 10,000 kwa rekodi ya dunia, Vivian wa pili. Kwenye 5,000 Ayana akatoka tena mbele, akaacha pengo, watu wakasema imeisha. Vivian akala ule mwanya polepole mpaka akampita, yeye na Hellen Obiri. 14:26.17, rekodi ya Olimpiki.

Mama Kiprop: Na alikuwa ameshazaa. Alijifungua 2013, akarudi 2015 akachukua dhahabu ya dunia kule Beijing, mita 10,000. Halafu 2018 akashinda London Marathon. Sisi akina mama tunataka aandikwe juu.

Kiprop: Na Timothy wa mita 1,500 jameni. Mashindano ya dunia, Doha 2019, aliongoza tangu mlio wa bastola mpaka mwisho. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo akawa wa nne kwenye majaribio ya Kenya, amekosa kikosi. Baadaye mwenzake mmoja akaondolewa, yeye akaitwa, akarudi na medali ya fedha.

Baba Kiprop: Evans wa Chicago 2008 pia ninaye. Na Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho je?

Mwalimu wa Riadha: Huyo ni wa siasa, ukuta ni wa riadha. Mwache.

Baba Kiprop: Haya. Ni hivi: VIVIAN CHERUIYOT, OLIMPIKI 2016. ROBERT KIPKOECH CHERUIYOT, BOSTON 2003, 2006, 2007, 2008. ROBERT KIPRONO CHERUIYOT, BOSTON 2010. EVANS CHERUIYOT, CHICAGO 2008. TIMOTHY CHERUIYOT, BINGWA WA DUNIA 2019.

Fundi: Mzee, hayo ni marefu. Nikiandika R. K. Cheruiyot itatosha?

Mwalimu wa Riadha: Fundi, wote wawili ni R. K.! Punguza ukubwa wa herufi, majina yaandike kamili.

Fundi: Sawa Mwalimu. Basi nitahitaji brashi nyembamba na rangi nyeusi kidogo zaidi.

Mama Salim: Nimemtumia Baba Kiprop 300 ya rangi.

Mama Kiprop: Na mimi 200. Chebet, kesho saa mbili uwe pale umsomee fundi herufi moja moja.

Chebet: Nitakuwepo.