Arushwe darasa, au apande kwa hesabu tu?

MamaWawili_Shangani
Shikamooni wakubwa. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu hapa Mtwara mjini. Kazi ya kipindi kizima anaimaliza kwa dakika kumi, kisha anasumbua wenzake au analala. Mwalimu wake ametoa njia tatu: Januari arushwe aingie la tano, abaki la tatu ila hesabu akasome na la tano, au abaki hapo hapo nimtafutie tuisheni. Baba yake anataka arushwe, ana ndoto ya shule za vipaji maalumu. Mimi roho inasita. Mliopitia, niambieni.

Mwl_Mstaafu_Masasi
Marahaba mwanangu. La nne si darasa la kuruka, kwa sababu ndiko kuna upimaji wa kitaifa wa NECTA, Baraza la Mitihani. Kama mnamrusha, atoke la tatu aingie la nne ndani ya mwaka huu huu, aufanye na hao. Kabla hujakubali, muulize mwalimu mkuu usajili wake utakaaje.

Tuisheni iondoe. Nyingi za mtaani zinarudia ya darasani, na mtoto huyu amechoshwa na hayo hayo.

Baba yake mwambie hivi: shule hizo za vipaji za wasichana, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana, huchukua kwa alama za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kuwahi kuufanya hakuongezi alama. Na kwa mtaala mpya msingi unaishia la sita, kwa hiyo mwaka mmoja tayari umepungua bila kumrusha mtu.

Binti_Newala
Dada, mimi nilirushwa, kutoka la tatu kwenda la tano, enzi hizo mwalimu mkuu akiamua imeisha. Darasani sikupata shida, nilikuwa wa pili au wa tatu kila muhula. Shida ilikuwa nje ya darasa. Likizo ya Desemba wenzangu wakaenda unyagoni. Waliporudi wameshachezwa, wana mazungumzo yao, nikisogea wananyamaza. Rika langu niliowaacha nyuma nao wakaniona najidai. Mapumziko nilikuwa nakaa chini ya mkorosho nyuma ya ofisi, peke yangu, mwaka mzima. Mama hakujua, kwa kuwa ripoti ilikuwa nzuri.

Halafu kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Mwaka niliouruka ndio wenzangu walioutumia kukizoea.

Simkatazi mtu. Ila huku kwetu umri wa mtoto wa kike una mambo yake, na hayamo kwenye ripoti.

Hesabu_Lindi
Pole dada Newala. Lakini tuseme na upande wa pili: ripoti ya Marekani ya mwaka 2004 ilipitia utafiti wa miaka hamsini, ikaona wengi waliorushwa walifanya vizuri na hawakuharibikiwa kijamii. Walichaguliwa kwa makini, lakini.

Mimi napigia kura njia ya pili. Mwanahisabati Terence Tao wa Australia, akiwa na umri kama wa huyu binti, alisoma hesabu na wakubwa, masomo mengine akakaa ngazi za chini zaidi. Mwaka 1986, na miaka 10, alipata shaba kwenye olimpiadi ya kimataifa ya hisabati, na dhahabu miaka miwili baadaye. Wazazi wake hawakumkimbiza chuo kikuu mapema kadiri alivyoweza.

Uzuri wa njia hii, ikishindikana anarudi bila aibu. Aliyerushwa akirudishwa, mtaa mzima unajua.

Mwl_Mstaafu_Masasi
Naunga mkono, ila aanze na la nne. Akimaliza mada zao, ndipo la tano.

MamaWawili_Shangani
Asanteni sana. Dada Newala, nimesoma yako mara mbili, kisha nikamsomea baba yake. Amenyamaza muda, akasema tuanze na hesabu. Leo nimeongea na mwalimu: vipindi vya hesabu vya la tatu na la nne vinakuwa wakati mmoja Jumanne na Alhamisi tu, siku nyingine italazimu atoke kwenye somo jingine. Mnaonaje, siku mbili kwa wiki zinatosha kwa kuanzia?

Mwl_Mstaafu_Masasi
Zinatosha. Mpe daftari la pekee la hesabu za la nne, na lisahihishwe na mwalimu wa la nne.