Turubai la umeme la tela linafunga upande mmoja, mwingine unabaki nje

Tela_Ohio
Wakuu, habari zenu. Nina tela ya kulala, ile ya kuvutwa na pikapu, yenye turubai la kivuli linaloendeshwa na mota ya volti 12. Urefu wake futi 18, likifunguka linatoka kama futi 8. Kufungua halina neno. Kasheshe ni kufunga: upande wa mbele, ambako mota iko, unafika ukutani na kubana, halafu wa nyuma unabaki nje inchi mbili hivi. Nikishikilia swichi, mota inanguruma tu. Betri inasoma 12.6, fyuzi nzima. Nimeshauriwa ninunue mota mpya. Kabla sijatoa pesa: mota inaweza kweli kusababisha hili? Na kuna ubaya gani nikisafiri nalo hivyo?

fundi_kivuli
Mota iache kwanza. Bomba linaloviringisha kitambaa ni moja, kutoka ncha hadi ncha. Mota inalizungusha upande mmoja; upande wa pili limekaa kwenye pini tu. Likizunguka mbele limezunguka na nyuma. Mota iliyochoka hufunga polepole, husimama katikati au hukataa kabisa, lakini haichagui upande. Upande mmoja ukiwahi, ama unameza kitambaa kingi zaidi kila mzunguko, ama mkono wa upande mmoja haujakaa sawa na mwenzake.

Subiri siku isiyo na upepo, fungua lote, chukua futi na ngazi. Kwanza pima kutoka reli ya ukutani, ile inayoshika kitambaa juu, hadi kwenye bomba, mbele na nyuma. Vipimo vikitofautiana, kagua mikono: bolti za kikalio cha chini zilizolegea, mkono uliopinda, au kiungo cha kushushia mteremko wa mvua kilichosahaulika chini upande mmoja. Hicho cha mwisho huwasumbua wengi na hakigharimu hata senti.

Vipimo vikilingana, hamia kwenye kitambaa. Pima kutoka ukingo wake hadi ncha ya bomba, pande zote mbili, kisha pima vivyo hivyo juu kwenye reli. Tuletee namba zote.

Pikapu_na_Tela
Kuhusu kusafiri: usithubutu. Upepo wa barabara kuu ukiingia kwenye mwanya wa inchi mbili unaanza kuvuta kitambaa, na shokapu za gesi ndani ya mikono tayari zinasukuma nje muda wote, kwa hiyo zinausaidia. Ukilazimika kuhama, zungusha mkanda wa kukazia kwenye kila mkono pamoja na bomba, na ufunge swichi isiguswe.

Kwa ufundi wenyewe, dawa ni utepe. Funga utepe mpana wa kitambaa kwenye bomba upande unaochelewa. Bomba likinenepa hapo, linavuta zaidi kila mzunguko. Kwa futi 8 bomba la kipenyo cha sentimita 8 linazunguka kama mara 9. Utepe wa milimita 0.3 unaongeza karibu milimita 2 kwa mzunguko, yaani milimita 17 kwa safari nzima. Inchi mbili ni tabaka tatu, kazi imekwisha.

fundi_kivuli
@Pikapu_na_Tela hesabu yako sahihi, ila umewahi mno. Utepe unatibu kitambaa kilicholegea upande mmoja, kwa mfano kilichokaa na dimbwi la maji ya mvua hadi kikavutika. Kama kitambaa kimehama kwenye reli, utepe utaficha ugonjwa huku ukingo ukiendelea kujikunja na kuchanika. Tusubiri vipimo.

Tela_Ohio
Nimepima. Reli hadi bomba: pande zote sawasawa. Kitambaa hadi ncha ya bomba: sawa pande zote. Ila juu kwenye reli, upande wa mbele kimekaribia mwisho wa reli na nyuma kimeacha nafasi. Kimesogea kama inchi moja na robo kuelekea mbele. Na kwenye reli upande wa nyuma kuna tundu dogo tupu.

fundi_kivuli
Hilo tundu tupu ndilo jibu lako. Lilikuwa na skrubu ya kuzuia kamba ya plastiki iliyoshonwa ndani ya pindo isiteleze. Imetoka, kitambaa kikatambaa kuelekea mbele. Sasa kinavutwa kimshazari, na ukingo wa mbele unapanda juu ya kichwa cha mota na kujikunja. Mkunjo huo unanenepesha bomba upande wa mbele, kwa hiyo mbele inawahi. Angalia pindo la hapo, utaona alama za kusuguliwa.

Kazi inahitaji watu wawili na ngazi mbili. Fungua hadi mikono ifike mwisho, kisha ongeza kidogo sana, kitambaa kilegee sentimita tano au nane. Usishikilie swichi zaidi ya hapo: mota nyingi hazijui kusimama, kitambaa kikiisha zinaanza kukiviringisha kinyume, na utakuwa na tatizo jipya. Futa vumbi kwenye mfereji wa reli na upulizie silikoni kavu. Msiweke grisi wala mafuta ya injini, yananasa mchanga na kudoa kitambaa. Mmoja avute pindo kuelekea nyuma, mwingine asukume kutoka mbele, taratibu, hadi nafasi za mwisho wa reli zilingane.

Msikaze skrubu bado. Viringisha kama futi tatu mkiangalia kingo zote mbili: kila tabaka linatakiwa lilale juu ya lililotangulia bila kutambaa pembeni. Likitambaa, fungueni tena, msogeze nusu inchi, mjaribu upya. Likitulia, toboa milimita 2.5 kwenye mdomo wa reli na ufunge skrubu ya chuma kisichoshika kutu, namba 6, urefu nusu inchi, ipite kwenye ile kamba. Isiwe ndefu zaidi, itagonga ukuta. Weka moja kila mwisho.

dada_wa_kambi
Niongeze moja. Mikono ikionekana sawa leo lakini upande mmoja unazubaa kufunguka, shokapu yake imekwisha gesi. Zibadilishwe zote mbili kwa nguvu ileile iliyoandikwa mwilini mwake. Na asiguse bolti zake turubai likiwa limefungwa: pale ndipo zimebanwa kabisa, na mkono unaruka usoni.

Tela_Ohio
Dada, asante, mikono inafunguka pamoja. Nimerudisha kitambaa katikati na skrubu zote mbili zimeingia. Ukingo unalala vizuri. Nyuma imebaki nje milimita 15 tu.

Pikapu_na_Tela
Hapo sasa ni zamu ya utepe, tabaka moja. Fungua wazi, uzungushie bomba upande wa nyuma chini ya kitambaa, upana sentimita tano karibu na ncha, usifunike mfereji wa bomba unaoshika kitambaa. Turubai liwe kavu, vinginevyo gundi haishiki.

fundi_kivuli
Sawa, tabaka moja. Ila lifungue na kulifunga mara kadhaa kwanza. Kitambaa kilichokuwa kimevutwa mshazari huchukua muda kujinyoosha, na hizo 15 zinaweza kupungua zenyewe.