Tupeane uzoefu: kufufua gari la spoti la zamani uani, Dodoma

Kabureta Pacha
Wakuu, uzi huu ni wa anayetaka kufufua gari la spoti la zamani nyumbani kwake na hajawahi kufungua injini. Mfano tuuchukue Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973: injini ya L24, silinda sita, cc 2393, kabureta mbili. Mwenye ujuzi wa Celica au Corolla za zamani naye aingie, mengi yanafanana. Tuweke vipimo, vifaa na sababu, ili mtu aweze kufuata akiwa na spana mkononi.

Bati na Msasa
Kabla ya kulipa, namba ya chasisi na ya injini zifanane na zilizo kwenye kadi. Zisipofanana, achana nalo.

Kisha tafuta kutu. Dodoma ni kukavu, kwa hiyo gari lililoishi huku miaka yote mara nyingi lina bati zima na mipira iliyokufa kwa jua. Lililotoka Tanga au Dar es Salaam likague kwa makini zaidi, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Kwenye 240Z kutu hukaa chini ya betri, sakafuni penye miguu, kwenye kingo za chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pale linapolala tairi la akiba. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Isiposhika, hapo pamepakwa puti tu (ile plasta ya kujazia bodi).

Kata mpaka ukutane na bati linalong'aa. Kwa bodi tumia bati la mm 0.8, kwa kingo za chini mm 1.0 hadi 1.2. Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu gari moja kwa moja: wanang'oa milango, wanakata kingo zote mbili kwa mkupuo. 240Z haina fremu ya chasisi iliyojitenga na bodi, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Acha milango mahali pake, kata upande mmoja, na kila baada ya kuchomelea tazama nafasi kati ya mlango na bodi. Ikibadilika, gari linapinda. Choma kipande cha sentimita 2, hamia mbali, rudi bati likishapoa. Ukichoma mstari mzima kwa pamoja bati hujikunja. Puti isizidi mm 3, na kamwe isiwekwe juu ya kutu.

Spana 27
Injini iliyolala miaka usiipige stata. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda, utakwangua kuta au utavunja ringi. Toa plagi zote sita, mimina vijiko viwili vya chai vya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, acha siku mbili. Kisha zungusha kwa mkono, spana ya 27 kwenye nati ya puli ya krenki, mwelekeo wa saa. Ikigoma, ongeza mafuta na usubiri tena. Usiongeze bomba kwenye spana.

Ikizunguka vizuri, mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta, ndipo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda dhaifu kuliko zote isishuke chini ya asilimia 80 ya ile yenye nguvu. Usishtuke kuona namba ndogo kuliko za kitabu: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa pekee inakupunguzia kama asilimia 12. Silinda ikiwa chini, tia kijiko cha oili na upime upya. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini).

Nafasi ya valvu za L24 injini ikiwa ya moto: za kuingiza mm 0.25, za kutoa mm 0.30. Nafasi ya pointi za distribyuta mm 0.45 hadi 0.55.

Mkwaju
Naongezea la tamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, maana linaniuma. Gari likichemka, mtu anang'oa tamostati, joto linashuka, anaridhika. Rejeta bado imeziba! Tena injini sasa haifiki joto lake, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Zibua rejeta, rudisha tamostati ya nyuzi 82. Na maji ya visima vya huku yana chokaa na chumvi. Hedi ya L24 ni ya alumini, yanaila. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji ya betri, yale yasiyo na asidi.

Mgeni Kizota
Wakuu, rangi naweza kupiga mwenyewe?

Bati na Msasa
Praima na msasa fanya mwenyewe: msasa namba 80 kwenye puti, 180, halafu 320, na 600 ya maji kabla ya rangi. Rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) mpe mwenye chumba na barakoa ya kuvuta hewa safi kutoka nje, mvuke wake unaharibu mapafu. Pia upepo wa mchana hapa hauachi vumbi litulie.

Kabureta Pacha
Kwenye kabureta, kaza nati ya mchanganyiko wa petroli na hewa hadi juu kabisa, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, zote mbili sawa. Endesha kidogo, tazama plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, pandisha nati robo mzunguko. Kwa mwinuko wetu mara nyingi utahitaji kupandisha. Usiwashe bila ea klina hata kwa dakika tano; vumbi hili linakwangua pistoni za kabureta na kuta za silinda.

Spana 27
Kabla ya kutoka getini, breki. Badilisha mipira yote ya masta silinda na silinda za magurudumu, na paipu za mpira hata kama kwa nje zinaonekana nzima, kwani ndani huvimba na kuziba. Toa upepo kwenye breki ukianzia gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 ya chupa mpya, iliyofunguliwa zamani imeshanyonya unyevu. Na soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la namna hiyo, hata likiwa na kashata zote, litoe.