Naomba ushauri: injini inalia asubuhi

Habari zenu wakuu. Naishi Bwiru, Mwanza, nina kigari cha cc 1500. Nikiwasha asubuhi, hasa usiku mvua ikiwa imenyesha, kinapiga ukelele kama nguruwe anayekamatwa (majirani hawahitaji tena alamu), baada ya dakika tatu kinatulia. Nikiwasha AC na taa, kelele inarudi.

Fundi kafunga mkanda mpya wa feni, nikapumzika siku nne tu. Jana nimeumwagia mkanda maji kidogo injini ikiwa inaunguruma, kelele ikazidi. Nikiubonyeza kwa kidole unaingia sana. Fundi anasema tuing'oe altaneta (ile inayochaji betri, inazungushwa na mkanda huo).

Je, huu si mkanda kulegea tu? Na beringi ya altaneta naipimaje kabla sijatoa hela?